Kuni za Kilio cha Mama

Mama alikuwa na kuni za kupikia na kuni za kufa. Za kupikia hazikutosha siku hata moja. Za kufa zilijaa jiko la zamani, lile banda la udongo lililoinama nyuma ya nyumba yetu kijijini, kwenye njia ya kwenda Lwiro, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata gome lake.

Asiye wa kwetu huenda akaona ni wazimu, kwa hiyo nieleze. Kwetu mtu akifa, moto unawashwa uani, na hauzimwi mpaka siku ya kuondoa kilio. Watu wanaketi chini kuuzunguka. Hapo ndipo wanapolia, wanapoota moto, wanaposubiri maharagwe, wanapomsema marehemu kwa mema na kwa mengine. Moto ukizima wanasimama na kurudi kwao. Na wakirudi, wanasema.

Baba alipokufa, moto ulizima. Mimi nilikuwa tayari naishi Bukavu, nafundisha darasa la sita, nikapanda kijijini nikiwa na sukari na mchele na kilemba cheusi, bila kufikiria kuni. Ziliisha siku ya pili. Baba mdogo aling'oa nguzo za zizi la mbuzi, nazo zikaisha. Kisha akaingia ndani, akatoa kitanda alichofia kaka yake, akakipasua kwa shoka mbele ya watu. Shangazi mmoja mwenye mdomo akauliza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde: "Sasa tulikuja kulia mutu ao tulikuja kulia kitanda?" Watu walicheka. Walicheka katika kilio cha baba yangu, mimi nikiwa nimekaa pale na kilemba changu. Nilitazama chini. Mama alitazama mbele, na nadhani aliapa saa ileile.

Mwaka haukuisha, akaamuru ukatwe mushebeye uliosimama kwenye mpaka wa shamba letu. Ulikuwa mti mkubwa, mgumu, mzito, tuliocheza chini yake sote. Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata mimi, ndiye aliyefanya kazi. Aliukata, akaupasua vipande vinene, halafu ikabaki shida ya kuvitoa bondeni. Alikuwa na akili, yule. Aliazima chombo cha kutobolea kwa seremala, akatoboa kila kipande tundu moja kwenye ncha, akapitisha kamba, tukawa tunavivuta vitatu vitatu kupanda mlima. Nilikuja likizo nikavuta pamoja naye mpaka viganja vikachubuka. Kila tundu lilipokea kidole changu gumba sawasawa. Alikuwa akinitania, akiniita yaya kama kwetu tunavyoita dada mkubwa: "Yaya, vuta! Hii kuni iko na akili kuliko wewe, inajua hatuifikishe." Tulicheka sana siku zile.

Tukazipanga katika jiko la zamani, safu nyuma ya safu, mpaka mlangoni. Mama akasimama akaziangalia, akafunga mikono, akasema: "Aksanti. Sasa naweza kufa bila haya."

Hakufa, Mungu asifiwe. Aliendelea kuishi, na kuishi kunataka kupika kila siku. Na hapo ndipo nilipokuwa nikipandwa na hasira, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira, hilo wanafunzi wangu wanalijua. Mama alipika na mabua ya mahindi. Alipika na maganda ya maharagwe, majani makavu ya migomba, gunzi, matawi mabichi ya mikaratusi aliyookota kwenye shamba la watu. Vitu vile vinatoa moshi kuliko moto. Ukiingia kumsalimu unamsikia akikohoa kabla hujamwona. Macho yake yakaanza kutoa maji, halafu yakawa mekundu, halafu akaanza kuuliza ni nani mtu anaposimama hatua tatu mbele yake. Na nyuma ya ukuta, kuni kavu za kutosha kijiji kizima.

"Mama," nilimwambia, "si uwashe zile? Hata moja kwa siku."

"Zile haziko za kupika. Zile ni za kulia."

"Na macho?"

"Macho ni ya kwangu. Kilio itakuwa ya kwenu. Siwezi kubaachia haya, mwana wangu."

Nilimnunulia babula ya kisasa, ile ya udongo ndani na bati nje, inayokula kuni kidogo na kutoa moshi kidogo. Alinishukuru kwa heshima zote. Niliporudi Pasaka nikaikuta imejaa vitunguu. "Inatunza muzuri," akasema. "Haioze hata kimoja." Utasema nini?

Yote haya niliyajua. Na mdogo wangu aliyajua kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyebaki kijijini, nyumba yake na ya mama zikitenganishwa na ua tu.

Sasa nifike kwenye simu. Mwaka ule njia zilipoharibika na kila kitu mjini kikageuka, makala yalipotea Bukavu. (Makala, kwetu, ndiyo makaa. Wakati fulani nilimwandikia mwalimu mwenzangu wa Dodoma kwamba nimepika kwa makala mabovu, akanijibu kwa huruma akiuliza yaliandikwa katika gazeti gani.) Umeme ulikuja ukijisikia. Ya kisiwa cha Idjwi yalifika bandarini yakiwa tayari yana wenyewe. Kadutu sokoni walitupimia kwa kopo, nusu vumbi. Nilipika maharagwe kwa zamu na majirani, sufuria yangu ikiiva jirani anaingiza yake, na mara mbili tulikula yakigonga meno. Siku moja mdogo wangu alipiga simu kusalimu, nikamlilia. Kweli nililia, kama mtoto. Nikasema: "Hapa tutakufa njaa na chakula iko mu nyumba."

Sikumwomba kitu. Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi mno. Sikumwomba. Nililia tu.

Wiki chache baadaye akaja mwenyewe, magunia mawili ya makala yakishushwa mlangoni kwangu, amevaa shati jipya, anacheka. Nilimkumbatia njiani mbele ya watu. "Yaya asilie tena," akasema. Nikamuuliza ameyapata wapi, akajibu, "Nilichoma mwenyewe. Kuna muti ilianguka." Sikuuliza mti gani. Nikamkaangia sambaza, dagaa wa ziwa letu, akala, akarudi.

Makala yale! Nimepika maisha yangu yote na sijaona makala kama yale. Ukiyagonga yanalia kama sahani. Yalishika polepole, lakini yakishika hayaachi. Babula moja ilitosha kuivisha maharagwe, kukoroga bugali na kuchemsha maji ya kuoga. Hayakurusha cheche wala kuuma macho. Nilijivuna kwa majirani bila aibu. Niliwagawia vipande vitatu vitatu kama mtu anayegawa nyama ya sikukuu, nikisema, "Nyinyi hamuna mudogo kama wangu."

Vingine vilikuwa na tundu. Tundu la mviringo, safi, linapita upande mpaka upande. Nilidhani ni wadudu. Nikawatania majirani kwamba kwetu hata wadudu wamesoma ufundi. Kimoja kilikuwa kizuri sana, laini, cheusi cha kung'aa, nikakipitishia uzi kwenye tundu lake nikakitundika ndani ya kabati la vyakula, kwa sababu kabati lilikuwa linanuka samaki wakavu na makala yanavuta harufu. Kila mwanamke wa Bukavu anajua hilo.

Miezi mitatu nilipika hivyo. Halafu nikamshawishi mama ashuke mjini aonwe macho.

Alikuja akiwa amevaa kikwembe chake cha kanisani, akalala kwangu, na asubuhi, mimi nikiwa nachambua mboga mlangoni, akasema atatia maharagwe chumvi mwenyewe. Nikamsikia akifungua kabati. Nikamsikia akipapasa, maana sasa alikuwa anaona kwa mikono. Halafu kimya. Nikaendelea na mboga. Kimya kikawa kirefu, nikaingia.

Alikuwa amesimama na kile kipande cha makala mkononi, uzi ukining'inia. Alikuwa ameingiza kidole chake cha mwisho, kile kidogo, katika tundu. Kikaingia sawasawa. Kuni ikichomwa inapungua, na tundu linapungua pamoja nayo. Nilielewa saa ileile, kabla hajafungua mdomo.

"Hii ulitoa wapi?"

"Mama…"

"Niko nakuuliza."

"Ni mudogo wangu alileta. Alisema kuna muti ilianguka."

Akaelekea kwenye babula. Akainama, akaweka mkono juu ya moto uliokuwa unaivisha maharagwe, akausikiliza, kama mtu anayesikiliza nani yuko chumba cha pili. Kisha akaniuliza jambo ambalo mpaka leo linaniuma kuliko tusi lolote: "Na wewe ulikuwa unapika?"

Nikasema sikujua. Nikaapa. Nikasema nilidhani ni wadudu, na neno hilo nikalisikia lilivyo la kijinga likitoka mdomoni mwangu, mdomo wa mwalimu.

"Ulivuta hizi kuni na mikono yako," akasema. "Kidole yako iliingia mu hii tundu. Ulidhani ni badudu."

Hakukubali kwenda kwa daktari. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikapiga magoti. Akafunga kile kipande katika kitambaa chake cha kichwa na kusema anarudi nyumbani, nami nikaandamana naye maana sikuweza kumwacha aende peke yake.

Tulipofika alipita nyumba bila kuingia, akaenda moja kwa moja jiko la zamani. Mlangoni kuni zilikuwa zimesimama kama tulivyozipanga, safu kamili, chini mpaka juu. Nilipumua. Kwa muda mfupi nilifurahi kwamba tumemsingizia. Mama akashika kipande kimoja cha katikati, akakivuta.

Safu yote ikatuangukia miguuni. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na sakafu tupu, gome lililosagika, na ukuta wa nyuma ukiwa na tundu la kupita mtu, mwanga wa mchana unaingia, kuku amelala pale kwa raha zake. Alikuwa ametoa safu zote kwa nyuma na kuacha ile moja ya mbele, ile ambayo mama aliigusa kila asubuhi akipita kwenda kuokota mabua.

Mama aliketi kwenye kizingiti.

"Alichoma kule bondeni," akasema polepole, kana kwamba anahesabu. "Aliniambia iko anachomea mutu makala. Nikaona ule moshi. Nikasema mutoto wangu anateseka. Nikamupelekea viazi." Akajipangusa gome miguuni. "Siku tatu nilimupelekea viazi, na yee iko anakula, iko anachunga kuni yangu inaungua."

Nimesalitiwa katika maisha yangu na watu kadhaa, kama kila mtu mzima. Mwanamume mmoja, rafiki mmoja, mkurugenzi wa shule mmoja. Hakuna aliyewahi kufanya kazi safi namna ile. Kuiba ni kuiba. Lakini kuacha safu ya mbele, ili mama mwenye macho mabovu aiguse na kulala salama, hiyo ilinishinda. Na kunifanya mimi niwe mdomo unaokula! Nilikuwa nimemsifu mtaa mzima.

Mdogo wangu alifika jioni ileile, jua lingali juu. Nilimrukia kwa maneno uani. Hakukana. Alisimama akikuna mkono, amevaa shati lile jipya, akaniacha nimalize. Halafu akasema kwa sauti ya chini, si ya ukali hata kidogo: "Yaya, si ni wewe ulilia?"

Nilitazama lile shati.

"Ulisema mutakufa njaa. Mama hakufe bado. Nikasema nitapanda mingine."

"Safu zote zile si gunia mbili tu. Na zile ulizouza ukanunulia shati?"

"Nazo ni vile vile," akasema, na hapo hata yeye hakujiamini.

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu vizuri. Nilimwita mwizi, nikaingia ndani nikalia kwa hasira, na katikati ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Alikuwa amesema uongo kwa mama na uongo kwangu, lakini hilo la kulia lilikuwa kweli.

Wiki iliyofuata nilifanya kosa la mtu wa mjini. Gunia la pili lilikuwa limebaki nusu kwangu. Nililishona vizuri, nikalipandisha kijijini, nikaliweka mlangoni kwa mama nikiona nimefanya haki. Nikasema: "Yaliyobaki ni haya. Ni yako."

Akaligusa gunia kwa mguu. Nadhani alitabasamu.

"Makala haina moshi," akasema.

"Ndiyo, mama, ndiyo uzuri wake."

"Basi batu batajuaje kama nimekufa?"

Ndiyo hivyo. Moto wa kilio ni wa miali na moshi, uonekane mlima wa pili, watu waseme pale kuna jambo, twende. Makala ni moto wa kujificha nyumbani. Nikasema nitanunua kuni nyingine, gari zima. Akanijibu kwamba kuni ya kununua ni ya hoteli. Nikarudi mjini, lakini gunia nililiacha palepale mlangoni, maana kuyapikia tena sikuweza.

Halafu akatuita. Alimtuma mtu wa kanisani anipigie simu: Jumamosi, saa sita za mchana, nije, na mdogo wangu awepo. Nilifikiri anaugua. Nilipopanda ile njia ya mwisho niliona moshi juu ya nyumba yetu, mnene, umesimama wima. Nilikimbia. Mwalimu wa miaka yangu, viatu mkononi, nikakimbia.

Mama alikuwa hai, ameketi uani. Mbele yake moto mkubwa, wa miali, na sufuria ya maharagwe juu ya mafiga matatu. Anachoma vile vipande vya safu ya mbele. Vilikuwa vimebaki vichache kando yake, ncha zenye matundu zikinitazama. Alikuwa amejifunga kilemba cheusi. Moshi ulipanda juu moja kwa moja na haukumgusa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi nilimwona akipika bila kukohoa.

Majirani wawili walishafika mbio kuuliza nani amekufa. Akawaambia bado, waketi, chakula ni karibu. Waliketi.

Mdogo wangu alikuwa kwenye ua wa nyumba yake, ameshika nguzo. Mama akamwita kwa jina lake la utotoni, lile alilomwita akimnyonyesha. Akaja. Tukataka kuchukua viti, akakataa. "Chini. Kama batu ba kilio." Tukaketi chini, yeye upande huu wa moto na mimi upande ule, hatutazamani.

Akatupakulia kwa mkono wake, akipapasa sahani. Maharagwe, bugali, hakuna kingine.

"Siku yangu ikifika hamutakuwa na moto," akasema. "Hiyo mulishakula. Basi mulie leo, ningali nabasikia."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa juu ya sahani, mabega yakaanza kutikisika. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika bado, kwake, kwa mama aliyetuketisha kwenye moto mmoja kama wezi wawili, kwangu mwenyewe. Jirani mmoja akajifunika uso.

Mama akageuza uso wake upande wangu, macho yale mekundu yakitafuta nilipo.

"Mwalimu. Iko tamu?"

Nikatia mdomoni. Yalikuwa laini mpaka katikati, yameiva taratibu, kwa moto ambao hauachi. Niliijua ladha ile. Niliila kwangu kwa miezi mitatu.

"Iko tamu, mama," nikasema.

"Kula," akasema, akasukuma kipande kingine ndani ya moto.